Sauti ya rubani aliyedai pasipoti ni yangu, anayefukuzwa ni mwenzangu

Admin, nifichie jina. Mimi ni Mtanzania wa miaka arobaini na nane, baba wa watoto watatu, dereva wa basi la wafanyakazi hapa Doha. Majina ya wenzangu nimeyabadilisha na kampuni siitaji. Wanaonijua wanajua nina mdomo. Nimesoma vitabu vingi na nabishana na kila mtu, hata na mtangazaji wa redio ndani ya basi langu. Leo mtu huyo anaogopa hata kusalimia watu, na sababu yenyewe mtaicheka. Chekeni, lakini mmalize kusoma.

Chumbani kwetu Al Rayyan, siku ya Ijumaa, tukishatoka msikitini na kula, tunaangalia sinema kwenye kompyuta ya Wafula, Mkenya, dereva mwenzangu. Wengine Kiingereza hakiwapandi, kwa hiyo mimi huwatafsiria papo hapo, kila mhusika namtolea sauti yake. Juzijuzi tuliweka moja ya zile sinema za vita vya angani, zile za falme za nyota zenye sehemu zisizoisha. Ndani yake yumo rubani mmoja wa ndege ya kivita, mtu mdogo kabisa, jina hana, uso wote umemezwa na kofia. Mkuu wake anamwamuru atangulie ili adui amlenge yeye. Anajibu, "Nimekuelewa, mkuu," analipuka, na mkuu hageuzi hata shingo. Nilikasirika kweli. Watu wana fedha za kujenga sayari nzima halafu wanashindwa kumpa kijana wa watu hata mama wa kumlilia! Basi nikampa jina, Kombo, na badala ya kumwacha atii nikamfanya aseme hivi: "Mkuu, nirudishie kwanza pasipoti yangu, halafu ndiyo nife."

Watu walianguka chini kwa kucheka. Pasipoti zetu zimefungiwa ofisini kwa kampuni, jambo ambalo sheria ya nchi hii yenyewe inalikataza, nimeisoma. Wafula alikuwa anarekodi kwa simu. "Mzee, hii lazima iende mtandaoni," akasema. Sikumkataza. Nilifurahi, kwa nini nidanganye? Baada ya muda nikaanza kuisikia sauti yangu kwenye simu za abiria nisiowajua: walinzi ninaowapeleka Lusail, wahudumu wa hoteli ninaowashusha Al Sadd. Mtu akipewa kazi ya ziada, anapiga saluti na kuitaka pasipoti yake.

Kisha Wafula akayasema maneno hayo mbele ya mudir, meneja wetu. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza zamu, jua linachoma, mudir akamwamuru arudi barabarani. Wafula akasimama wima, akapiga saluti, akamwaga maneno ya Kombo neno kwa neno. Uwanja mzima wa mabasi ulicheka. Mudir hajui Kiswahili, lakini kicheko anakijua. Akamwita Hemedi, msimamizi wetu, Mtanzania mwenzangu, amfasirie. Hemedi akafasiri yote, na bila hata kuombwa, akatoa na simu yake akamwonyesha video. Mudir aliuliza jambo moja tu: hii sauti ni ya nani?

Video ilianzia kwenye simu ya Wafula, kwa hiyo yeye ndiye aliyenyang'anywa funguo za basi. Alirudi chumbani akakaa kitandani na viatu vyake.

"Wameniambia nitaje mwenye sauti ama nipande ndege."

"Ukasemaje?"

"Nikawaambia ni mimi. Hemedi amekataa. Eti Kiswahili changu hakiwezi kufika hapo." Akacheka peke yake. "Mzee, matusi gani hayo sasa?"

"Kwa nini hukunitaja, Wafula?"

"Wewe uko na watoto shuleni. Mimi bado niko na nguvu, nitaanza tena. Lakini usiniangalie hivyo. Unakaa tu kama yule mkuu wa hiyo movie."



Sasa mudir ameamuru: kesho kabla ya zamu, madereva wote wanaozungumza Kiswahili watasimama mbele ya Hemedi, mmoja mmoja, na kusoma karatasi kwa sauti. Sauti isipopatikana, Wafula anaondoka. Ikipatikana, naondoka mimi, na inasemekana video itapelekwa polisi. Sheria za mitandao za hapa nazo nimezisoma, na ndizo zinazonikosesha usingizi. Tangu tangazo hilo najifanya koo linauma. Wenzangu, masikini, wananichemshia tangawizi kikombe juu ya kikombe, nami nainywa yote. Leo Hemedi alinikuta nikiosha basi. "Pole na koo, kaka," akasema. "Wewe uliyekuwa unagombana hata na redio! Jitahidi kesho, ni mistari miwili tu." Akanipiga begani akaondoka. Anajua? Hajui? Mpira wa maji ulinitoka mkononi nikalowa mpaka kifuani.

Maishani mwangu nimewaita watu wengi waoga, na kwa maandishi. Leo naandika haya, na Wafula yuko hapo anakunja mashati yake kwenye begi, anapiga mluzi.

Mtakaoniandikia "jitokeze, kuwa mwanaume," andikeni kwanza mko nchi gani na pasipoti zenu zimelala kwa nani. Mtakaoniandikia "nyamaza, fikiria wanao," njooni mkae mbele ya hilo begi mniambie hivyo hivyo, kwa sauti, Wafula asikie. Ila semeni chochote, msipite kimya. Hemedi akinikabidhi ile karatasi kesho, ndugu zangu, nisome au nikohoe?