Fundi Eustakio Alivyomtembelea Dada Yake Bila Kuondoka Kitini

Eustakio alikuwa fundi cherehani mjini Nachingwea. Alikaa kwenye baraza la duka moja la vitambaa karibu na soko, akishona sare za shule na magauni ya kwaya, na wateja walimpenda kwa kuwa akisema Ijumaa, nguo ilikuwa tayari Ijumaa. Lakini kwao hakukuwa Nachingwea. Kwao ni Mbwemkuru, upande wa Ruangwa. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na dada yake, Getruda.

Getruda alikuwa ameolewa, mume akavuka kwenda Msumbiji na hakurudi. Wanaume wengine walipokuja kuuliza, aliwaambia ana mtoto wa kumlea kwanza. Mtoto mwenyewe ndiye Eustakio. Ni ufuta wa Getruda uliomsomesha, na ni ufuta huohuo ulionunua cherehani yake ya kwanza. "Mama sina, nina dada," Eustakio alizoea kuwaambia watu, na alipopata kazi mjini hakupitisha mwezi bila kwenda kumsalimu. Si mbali. Ukitoka asubuhi, jua la utosi linakukuta umeshafika.

Msimu mmoja wa korosho, akirudi kutoka huko, alikosa gari la abiria akapanda lori la magunia. Huko juu alikaa na mzee mmoja mcheshi wa Mandawa, ambaye njia nzima alimsimulia vituko vya mbuzi wake. Kwenye mteremko breki zikakataa, lori likapinduka. Eustakio alivunjika mtulinga. Yule mzee alifukiwa na magunia, akafa mkono wake ukiwa umeng'ang'ania pindo la shati la Eustakio.

Mfupa uliunga vizuri. Usingizi ndio uliokataa kupona. Kila alipolala alijikuta juu ya lile lori, akaamka analia, mkewe Domitila akimshika mabega na kumwita jina. Hata mchana, akisikia lori linapunguza gia barabarani, mguu wake uliganda juu ya pedeli. Akaacha kupanda gari la aina yoyote. Kanisani alikwenda kwa miguu. Msiba ukiwa mbali, alituma rambirambi.

Domitila ndiye aliyempeleka kwa Sista Valentina, mtawa muuguzi aliyekuwa akiwasikiliza watu waliopatwa na mishtuko.

"Ndoto ikija huwezi kuifungia mlango," Sista alimwambia. "Ila unaweza kujifunza kuitambua kuwa ni ndoto, ukiwa humohumo ndani yake. Ukishaitambua, utaiongoza. Na mazoezi yake ni mchana, ukiwa macho."

"Mchana nitaotaje, Sista?"

"Kwa kuwaza, lakini usukani uushike wewe. Chagua mahali unapopapenda na unapopajua. Funga macho, uingie polepole. Usiruke ukatokea ndani, anzia njiani. Tazama udongo una rangi gani. Gusa ukuta, sikiliza, nusa. Kitu kikigeuka bila wewe kutaka, kirudishe kilivyokuwa. Halafu tazama viganja vyako, ujiulize: niko macho au naota? Ukizoea kujiuliza hivyo mchana, siku moja utajiuliza ukiwa juu ya lori, na jibu utalijua."

Alipokuwa anaaga, Sista akamshika mkono. "Hii ni dawa, Eustakio, na dawa ina kipimo. Ukipata nafuu, punguza. Na urudi niione hali yako."

Eustakio hakurudi.

Mahali alipopachagua ni uwanja wa Getruda. Asubuhi, kabla wateja hawajaja, alikaa kwenye kiti chake, akaweka mikono juu ya ubao wa cherehani na kufumba macho. Mwanzoni mambo yalimponyoka. Aliiona njia ya kuingilia nyumbani, mara akakumbuka magauni ya kwaya, njia ikapotea. Au Getruda alitokea, lakini ana sura ya Domitila. Alifumua na kuanza upya, kama anavyofumua kola iliyokaa upande. Baada ya majuma kadhaa picha ikaanza kutulia. Akaona ufa wa ukutani karibu na mlango. Akasikia kuku wakiparua chini ya kichanja. Akanusa mizizi ya ming'oko inayochemka chunguni. Kisha Getruda akatoka ndani akijifuta mikono kwa kanga, akasema, "Karibu, baba," kama alivyomwita tangu utotoni.

Na Sista alikuwa amesema kweli. Lori lilipokuja tena usingizini, Eustakio aliinamisha kichwa akatazama viganja vyake, akaona vidole vinazidi. Akajua anaota. Akaliamuru lori lisimame, likasimama. Akamsaidia yule mzee wa Mandawa kushuka, wakaagana, naye akakata njia ya miguu hadi uwanjani kwa dada yake. Asubuhi Domitila alimkuta anacheka peke yake akinawa uso.

Ingeishia hapo, Eustakio angekuwa mtu aliyepona. Lakini uwanja ule ulikuwa mtamu. Akaanza kwenda asubuhi na mchana, na usingizini akaenda tena. Alizoea kiasi kwamba aliweza kupinda sketi huku anaongea na Getruda moyoni. Alimpa habari zote. Getruda wa pale alicheka mahali pa kucheka na kumpa pole mahali pa pole.

Kule Mbwemkuru, Getruda mwenyewe hakuwa na simu. Alimwomba jirani yake, Mohamedi, ampigie.

"Mdogo wangu, kimya sana. Kuna jambo nataka tuongee, lakini si la simu."

"Nitakuja, dada. Kazi zikipungua tu."

Aliposema hivyo hakuwa anadanganya. Alitaka kwenda. Ila ile hamu iliyokuwa ikimwinua kitini na kumpeleka stendi, ambayo pengine ingeushinda hata woga wa magari, ilikuwa imekwisha kutulizwa. Angemkumbukaje mtu aliyemwona asubuhi ileile? Msimu wa ufuta ukapita, ukaja mwingine, naye bado alikuwa anakwenda kesho.

Domitila alipochoka kusubiri alifunga safari peke yake. Aliporudi hakuvua hata viatu.

"Baba Faith, wifi haoni vizuri. Amenimiminia maji, yakapita nje ya kikombe. Mlangoni anapapasa. Nimemwambia twende wote hospitali, anasema atakuja na wewe, hawezi kwenda kuhangaika mjini bila mdogo wake. Nenda ukamchukue."

Eustakio alishtuka. Siku hiyo hakushona vizuri. Alipofumba macho akaenda uwanjani, akamwomba Getruda maji. Getruda akachukua mtungi, akamimina, kikombe kikajaa hadi ukingoni na halikudondoka hata tone. "Unaniona, dada?" akamuuliza. "Nakuona, baba. Umekonda." Eustakio akafumbua macho akajisikia mwepesi. Akamwambia mkewe labda wifi yake alikuwa amechoka siku ile, watu wazima wana siku zao. Domitila akainuka, akaenda jikoni.

Zilipoanza mvua, Mohamedi alipiga tena simu, na safari hii Getruda hakuwa pembeni yake.

"Kaka Eustakio, njoo. Dada yako amekanyaga moto. Mafiga yalikuwa hapohapo mbele yake, hakuyaona."

Eustakio aliondoka na pikipiki ya kukodi, amefumba macho sehemu kubwa ya njia. Mara mbili alimwomba dereva asimame ateremke kutapika. Walipofika Mbwemkuru akafikiri dereva amekosea. Nyumba yenye ufa haikuwepo. Ilikuwa imeangukia ndani siku nyingi, Domitila alishamwambia naye hakulizingatia, na mahali pake palibaki kichuguu cha udongo kilichoota majani. Pembeni palikuwa na nyumba nyingine ndogo, mlango wake umeelekea upande mwingine kabisa. Kutoka mlangoni hapo kamba ya katani ilikuwa imefungwa kwenye nguzo, ikaenda nguzo nyingine, hadi chooni. Hakuna kuku wala kichanja. Alisimama kwenye uwanja aliokuwa akiutembelea kila siku ya Mungu, na hakujua pa kupitia.

Getruda alikuwa ameketi kizingitini, mguu umefungwa kitambaa.

"Nani huyo amesimama?"

Eustakio akasogea. Akakohoa.

"Eustakio?" Getruda akanyoosha mikono, akaushika uso wake, akapitisha vidole juu ya masikio na shingo. "Umenenepa, baba," akasema. "Mimi nilikuwa nakuona umekonda vilevile kama siku ile nilipokuja kukuuguza, una mkono kwenye bandeji."

Alimpeleka hospitali, wakiwa wameshikana mikono garini, na si rahisi kusema nani alikuwa anamshikilia mwenzake. Mguu ulipona. Macho hayakupona. Daktari aliwaeleza kuwa ni presha ya macho, inaua mshipa wa kuonea taratibu bila maumivu. Kilichokwisha kufa hakirudi. Angefika mapema, wakati anaanza kumwaga maji, dawa ya matone ingeweza kulinda kile kilichokuwa kimebaki.

Domitila alikuwa amesimama nyuma yao. Hakusema neno, na Eustakio baadaye alisema afadhali angesema.

Getruda alikataa kukaa Nachingwea. Alisema mjini hajui hata nguzo moja, kwake anazijua zote. Basi Eustakio akamrudisha Mbwemkuru, na kesho yake asubuhi, wakiwa wamekaa nje, akamweleza kila kitu: lori, Sista Valentina, kiti chake, safari zake za kufumba macho. Alimweleza akitumaini kwamba angalau dada yake ajue hakusahauliwa.

"Nilikuwa nakuja kila siku, dada. Kila siku."

Getruda alisikiliza mpaka mwisho. "Na ulipokuwa unakuja," akauliza, "huyo dada uliyekuwa unamkuta, alikuwa anaona?"

"Alikuwa anaona."

"Nyumba ilikuwa imesimama?"

"Imesimama."

"Basi ulikuwa unakwenda kwake. Kwangu hukuja." Alisema bila hasira, kama mtu anayepanga vitu mahali pake. "Mimi nilikuwa hapa. Mvua ile nyumba ilipoanguka nilikaa kwa Mohamedi na mkewe. Kamba hiyo Mohamedi ndiye aliyeifunga. Nilikuwa nasikia kila pikipiki inayopita, nasema huyu ni yeye. Nikazijua pikipiki zote kwa sauti."

Eustakio alipiga magoti akaomba msamaha. Getruda alimwekea mkono kichwani. Lakini alipoulizwa kama amemsamehe alisema, "Ngoja kwanza, baba. Usiniharakishe." Mpaka leo Eustakio hajui jibu, na ameona aibu kuuliza tena.

Alirudi kwa Sista Valentina, akamsimulia. Sista alivua miwani akajipangusa macho. Alisema na yeye ana lawama yake, maana alimpa mgonjwa dawa kisha hakumfuatilia.

"Niache kabisa, Sista?"

"Kuwaza hakukukosea. Kulikupeleka mahali pasipo na mtu. Sasa kutumie kukupeleka stendi. Asubuhi, fumba macho, jione unapanda gari, unasikia injini, unatazama mteremko, unafika. Ukimaliza, fumbua macho, uinuke, ukapande gari lenyewe."

Hivyo ndivyo afanyavyo sasa. Kila mwezi anakwenda Mbwemkuru, na kwenye miteremko bado hung'ang'ania kiti cha mbele, lakini anakwenda. Usingizini ndiko kuna shida. Amejaribu kuibomoa ile nyumba ya zamani, amejaribu kufunga kamba kwenye nguzo. Picha aliyoijenga kwa bidii haibomoki. Getruda yule bado hutoka mlangoni akijifuta mikono, macho yake maangavu, na kusema karibu, baba. Eustakio hutazama viganja vyake, akajua anaota, akamgeuzia mgongo. Huamka amelowa machozi, na haya si ya lori.

Mwaka huu wakati wa kukung'uta ufuta alikwenda yeye na Domitila. Wao walipiga matita ya mabua ya ufuta juu ya turubai, Getruda akakaa kando na ungo, akipepeta kwa kusikiliza. Aliupitisha ufuta kati ya vidole akawaambia mna mchanga humu, mmekung'utia pembeni mno. Alikuwa sahihi. Alimuuliza mdogo wake nani amepita njiani, amevaa nini, mikorosho ya Mohamedi imetoa maua kiasi gani. Eustakio alimweleza kila kitu kwa makini, na hakuongeza kitu.

Mchana waliaga. Domitila alitangulia barabarani kusimamisha gari. Getruda alisimama mlangoni, mkono mmoja kwenye kamba, wa pili akipunga. Hatua chache mbele Eustakio akakumbuka mfuko wa mbaazi alizopewa, akarudi kimyakimya juu ya udongo laini. Dada yake hakumsikia. Alikuwa bado anapunga, uso ameuelekeza barabarani, anatabasamu, na Eustakio amesimama ubavuni pake karibu kiasi cha kumgusa.

Alisubiri mpaka mkono uliposhuka wenyewe.

"Dada," akasema, "nimesahau mbaazi."