Kughairi kwa Kiswahili

Siku yangu ya kwanza kazini, katika idara ya tafsiri Maskati, niliuhamisha ubalozi wa nchi kubwa kwa neno moja. Sasa nimestaafu, nakaa Ibra, na nikikumbuka nacheka peke yangu.

Bunge la nchi hiyo lilitunga sheria kwamba ubalozi wao uhamie Kudsi, yaani Yerusalemu. Rais wao hakutaka. Mambo ya nje aliyahesabu kazi yake, si ya wabunge. Sheria ilimwachia mwanya mmoja tu: hati ya kuahirisha, aitie saini upya kila miezi sita. Habari ya hati hiyo ndiyo niliyopewa kuifasiri kwa Kiarabu, isomwe na wakubwa.

Mimi mtoto wa Unguja, Kiarabu changu cha chuo cha Kurani. Nilitaka kusema rais ameghairi kuhama, nikaandika "ghayyara". Kwetu kughairi ni kuacha ulilokusudia; kwa Waarabu neno hilo ni kubadilisha. Karatasi yangu ikasomeka kuwa rais amebadilisha mahali pa ubalozi.

Mkurugenzi, mtu wa Nizwa tuliyemwogopa sote, akaniita. Siku zile sisi tuliotoka Unguja tulichekwa kwa Kiarabu chetu, na kosa kama lile lilitosha kunifukuzisha kazi. Akafunga mlango.

"Mwanangu, hapa umeghairi kwa Kiswahili," akasema, kwa Kiswahili safi cha Mjini.

Nikamwamkia: "Shikamoo, Bwana. Kumbe na wewe..."

"Marahaba. Mimi mzaliwa wa Malindi, Unguja. Andika 'ajjala', ameahirisha. Wallahi ungetutia katika fitina!"

Akaichana karatasi, na hakumwambia mtu. Nilimpenda kama baba tangu siku ile.

Kila hati ilipokuja alichungulia mlangoni kwangu. "Kaghairi?"

"Kaghairi, Bwana."

Marais walipokezana, wabunge waking'ang'ania sheria yao. Yeye akastaafu, akarudi kwenye migomba yake Birkat al Mauz, nami nikawa nampigia simu kila miezi sita kumwambia kaghairi.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, rais mwengine alikubaliana na wabunge. Ubalozi ukahama. Niliandika "ghayyara", sahihi safari hii, na moyo uliniuma. Simu sikupiga.

Siku hizi naendeshwa mpaka Birkat al Mauz kumtazama. Amesahau mengi, hata jina langu. Lakini nikimshika mkono hunitazama, akatabasamu.

"Kaghairi?"

"Kaghairi, Bwana," namwambia.