Viti vya Upande Mmoja

Mtaa mzima unamwita Bi Tambi, na wengi hawajui kama ana jina jingine. Mimi ni dada yake wa tumbo moja, nimemtangulia kwa miaka minne, kwa hiyo namjua tangu kabla ya hizo tambi. Ni binti wa fundi cherehani aliyeshona sare za wauguzi wa hospitali nzima kwa mguu mmoja, wa pili ukiwa umepooza. Ni mjukuu wa mkunga ambaye hakupoteza mzazi hata mmoja, au ndivyo tulivyoambiwa. Na yeye mwenyewe alipika miaka ishirini na miwili kwenye kambi ya wahandisi Wataliano waliokuja kujenga bwawa. Alikanda unga wa ngano na mayai kila siku ya Mungu, akaukata nyuzi nyembamba kwa kisu bila kupima, na hakuna aliyewahi kurudisha sahani.

Bwawa likaisha, wakaondoka. Yeye akabaki na kifimbo cha kusukumia unga, vidole vilivyoanza kukakamaa, na binti mmoja.

Binti huyo tulimzika mwezi wa tatu. Homa ya siku tano tu. Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma, na siku hizo alikuwa kazini mbali, anaunga matangi ya maji. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Bi Tambi hakumtukana. Angemtukana ingekuwa nafuu. Alinyamaza. Wakaishi nyumba moja, yeye, mkwe na mjukuu, na maneno yote yakawa yanapita kwa mtoto. Mwambie baba yako chakula kipo. Mwambie bibi nimeshiba. Siku moja mtoto alikuja kwangu akaniambia koo linamuuma kwa kubeba maneno ya watu.

Sasa, marehemu alikuwa amemwahidi mtoto jambo. Akitimiza miaka minane atafanyiwa sherehe ya Kitaliano, kama zile alizokuwa akisimuliwa na bibi yake: tambi za mkono, mchuzi wa nyanya, kitambaa cha rangi tatu mezani. Aliahidi akiwa kitandani, siku ya tatu ya homa, na Bi Tambi alikuwa amesimama pale pale. Ahadi ikahamia kwake. Miezi saba hakuwa na habari nyingine.

Siku ikafika, ikawa Jumamosi. Watoto sita wa darasani walialikwa waje saa tisa alasiri. Nilifika asubuhi na kitambaa nilichoshona, kijani, nyeupe na nyekundu, nikakuta meza ya sebuleni imeshapangwa. Viti vyote saba vimewekwa upande mmoja, vimebanana kama watu wanaopigwa picha. Upande wa pili mtupu. Nikamuuliza hii ni sherehe au watoto wanakuja kuhojiwa kazi. Akanijibu kwamba ndivyo Wataliano wanavyokaa.

"Nani kakwambia?"

"Nimewaona kwa macho yangu, dada. Miaka ishirini na miwili."

Nilitaka kucheka, kisha nikaelewa, na cheko likanikauka mdomoni. Jiko la kambini lilikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kidirisha kile kiliona upande mmoja tu wa meza. Upande wa pili ulifichwa na kabati la vyombo. Watu wakila, yeye hakuwahi kuvuka ule ukuta. Sikumsahihisha.

Kilichotushinda ni unga. Alivunja mayai, akaanza kukanda, na vidole vikakataa kukunja. Akasukuma kwa viganja, akasukuma kwa viwiko. Donge likabaki na mabonge, likapasuka kila lilipoguswa na kifimbo. Akalitupa. La pili likawa hivyo hivyo. Nikaingia mimi. Akanitazama kidogo, akauliza kama nakanda au nabembeleza mtoto alale. Nikamwambia zipo tambi za pakiti dukani, watoto hawatajua. Akasema mmoja atajua. Sikumuuliza kama ni mjukuu au ni yule aliye kaburini.

Saa saba ikapita. Yalibaki mayai manne. Mkwe alikuwa uani, amekaa juu ya debe, mikono mapajani. Mikono ile inakunja nondo. Bi Tambi aliutazama mlango, akautazama unga, akautazama tena mlango. Mtoto hakuwepo wa kutumwa. Alikuwa amekwenda kwa jirani kusukwa nywele.

Nikauliza nikamwite. Akasema hapana. Akajifuta mikono, akaenda mwenyewe mpaka mlangoni.

"Baba," akamwita. "Njoo unikandie."

Yule bwana aligeuka nyuma kuona kama kuna mwingine aliyeitwa. Kisha akanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, mara mbili, akaingia. Alianza kuuponda unga kama anaugomba.

"Usiupige. Hauna kosa," Bi Tambi akamwambia.

Mikono ikasimama. Akasema bila kuinua uso, "Simu ilinipata siku ya tano, mama. Sikulala njiani."

"Najua," akasema. "Kanda."

Akakanda. Donge likalainika, ukilibonyeza linarudi taratibu. Kusukuma akasukuma yeye, kukata akakata yeye, nyingine nene kama kamba za viatu, na tukazianika juu ya mpini wa ufagio tulioulaza kwenye ndoo mbili.

Watoto walikuja, wakakaa upande wao mmoja, wakala hadi masikio yakawa mekundu kwa mchuzi. Mwenye siku yake alikula vijiko viwili, akautazama ule upande mtupu, akauliza huko atakaa nani. Bi Tambi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, pale pale alipozoea. Mkwe akaleta debe lake, akaliweka upande ule mtupu, mbele ya mtoto, akamwambia Bi Tambi, "Kaa, mama."

Akakaa. Hakula. Alimtazama mtoto usoni, na uso ule ni wa marehemu mtupu, mpaka sahani ikapoa. Kisha akanyanyuka, akasema moshi umemwingia machoni. Jiko lilikuwa limeshazimwa.

Wageni walipoondoka alimwita mkwe jikoni. Alishika kifimbo kwa viganja, maana vidole havikushika.

"Mwakani utakanda wewe. Mayai manne, chumvi kidogo, maji hapana. Usimnunulie za pakiti."

"Na wewe je, mama?"

"Mimi niwekee kiti upande ule ule, mbele ya mtoto," akasema, akamkabidhi kifimbo. "Nikiwepo, nisipokuwepo, wewe weka."