Dagaa Wangu wa Kalsiamu

Jamani, mdomo wangu umeniponza. Chuoni nilijifanya profesa wa lishe: kila mchana nafungua kopo langu la ugali na dagaa wa kukaanga, afya tupu kwa bei ya kutupa. Wenzangu wakaanza kudokoa. Neema, tunayekaa naye dawati moja, akatafuna akakunja uso.

"Mbona mchanga?"

"Mchanga wapi? Hiyo ni kalsiamu!"

Wakanogewa, wakataka niwapeleke sokoni Mabatini kwa mama anayenipimia dagaa kutoka gunia la pembeni. Kwa nini liko pembeni, sikuwahi kuuliza. Jana nikawaongoza, kifua mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, akilivuta gunia. "Na wenzako nao wanafuga kuku?"