Besi ya Nyuma ya Mlango wa Jiko

Simu ya binti wa marehemu Abílio ilimkuta Odete akimenya viazi, na tangu alipoikata hakumenya tena kiazi kikamenyeka. Binti alipiga kutoka Uswisi, kwa sauti laini: Jumamosi nitakuwa huko nyumbani Barreiro, mama, nitapitia gitaa la besi la baba, nataka kulitundika sebuleni. Odete akajibu sawa mwanangu, ni mali yenu. Akaweka simu mezani, akainuka, akakaa, akainuka tena, akafungua friji akaifunga bila kutoa kitu. Kulitundika! Gitaa lililobeba fado, nyimbo za majonzi za Wareno, za mtaa mzima kwa miaka arobaini linakwenda kuning'inia ukutani kama kalenda ya mwaka jana.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Kila Jumapili saa kumi alasiri kulikuwa na fado katika ukumbi wa klabu ya wafanyakazi wa reli, na mpiga besi alikuwa Odete mwenyewe, kwa gitaa hilohilo la kuazima. Gitaa jingine hakuwa nalo. Kabla ya jioni habari ilishamfikia Belmiro, kiongozi wa wapigaji, mzee wa gitaa la Kireno la nyuzi kumi na mbili, mwenye kucha ndefu na ulimi mrefu kuliko kucha.

"Dona Odete, pole," alimwambia mlangoni pa klabu. "Lakini Jumapili ukija mikono mitupu, kiti chako atakikalia mkwe wangu. Yeye besi anayo, tena mpya."

"Mkwe wako anapiga besi kama anafukuza kuku."

"Afukuze tu. Angalau ana cha kufukuzia."

Odete akaondoka kwa hasira, akapita nyumba yake mwenyewe bila kuiona, ikabidi arudi.

Kiti kile hakukipata kwa kupewa tu. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mpishi wa klabu, na mpishi wa nyumba ya fado ana adhabu yake. Taa zikipunguzwa na mwimbaji akisimama, hakuna anayesogea. Sahani hailii, kijiko hakigusi kikombe, anayetaka kukohoa anameza kikohozi chake. Mlango wa jiko unafungwa, na mpishi anasimama nyuma yake kama sanamu mpaka wimbo uishe. Mlango wenyewe ni wa mwaloni, mnene. Maneno ya mwimbaji hayapiti. Gitaa la Belmiro linafika kama mbu aliye chumba cha pili. Kitu kimoja tu kilipita kizima kizima, na hicho ni besi ya Abílio.

Jumapili moja Odete alibandika sikio kwenye ubao, akajisahau, na sufuria nzima ya maharage ikaungua. Watu walikula mkate na zeituni siku hiyo, na Belmiro alifoka mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Abílio peke yake aliingia jikoni kwa utulivu, akanusa, akauliza, "Ulikuwa unasikiliza nini, mama?"

"Hicho kinachotembea chini," alijibu Odete.

Wiki iliyofuata Abílio alimpakatisha besi na kumwonyesha pa kuweka vidole. Akamfundisha miaka na miaka, baina ya vitunguu na vyombo vya kuosha. Mkono wake wa kushoto ulipopooza alimwachia gitaa na kiti vyote pamoja, na majira ya baridi yaliyopita akafariki. Tangu apewe kiti, kila Jumapili Odete alianza kupika alfajiri, akaliacha jiko kwa yeyote aliyekubali kukoroga, akaenda kukaa na wapigaji. Mwaka wa nne sasa.

Nyumbani kulikuwa na yuro mia saba ndani ya kopo la biskuti. Zilikuwa za kumwekea meno ya mbele ya bandia Zeferino, mumewe, dereva mstaafu wa treni. Odete hakuthubutu kulitaja kopo. Zeferino ndiye aliyelitoa juu ya kabati na kuliweka mezani.

"Chukua."

"Zefe, siwezi kula meno yako."

"Hayajawa meno bado, ni noti tu. Nitacheka nimefunga mdomo." Kisha akajikuna shingo. "Ila nikuulize, mke wangu, usinikasirikie. Hiyo besi inafanya nini hasa? Miaka yote naona vidole vyako vinatembea, sauti siisikii."

Alisema bila ubaya wowote, na ndiyo maana neno lilimchoma. Odete alikwenda kufua nguo ambazo alikuwa ameshazifua.

Jumanne akavuka mto kwa feri hadi Lisbon. Hakukaa kwenye kiti; alisimama kwenye ukingo njia nzima kama vile kusimama kungeongeza mwendo. Duka lilikuwa refu na jembamba, na muuzaji, Tadeu, mwanamume mwenye nywele za kufunga kisogoni, alimkaribisha kwa tabasamu.

"Ni zawadi ya mjukuu, Dona?"

"Ni langu."

"Aa."

Tadeu hakuwa mtu mbaya. Alimweleza ukweli: kwa pesa hiyo usitegemee gitaa jipya la fundi mkubwa, lenye uso wa ubao mtupu wa msonobari. Utapata plaiwudi iliyovalishwa vizuri. Nyingine ina tumbo pana na shingo nene, nyingine nyembamba na nyepesi, na nyingi siku hizi zina tundu la kuchomeka waya wa spika. Akamshushia moja jeusi, linalong'aa, jembamba, shingo yake ikiteleza kama sabuni. Odete akakaa, akalipakata, akapiga. Sauti ilimjia moja kwa moja sikioni, safi. Na mbele yake kulikuwa na kioo.

Hapo ndipo alipokosea, nami sitamfichia. Alijiona kwenye kioo, mwanamke wa miaka hamsini na tisa na gitaa jeusi, akajipenda. Miaka yote amekuwa mtu wa nyuma ya mlango, nani asingejipenda? Akalipa mia sita na arobaini, akavuka mto na boksi kubwa kuliko yeye.

Jumatano alipiga nyumbani kutwa, kila wimbo aliofundishwa, na kila ulipokwisha aliinuka na kuzunguka meza. Sauti ilikuwa nzuri. Vidole havikuuma. Lakini moyo haukutulia, na hakujua kwa nini. Alhamisi asubuhi alilibeba mpaka klabu, akamkuta Belmiro akibadilisha nyuzi.

"Bwana Belmiro, nisaidie. Nipigie hizi nyuzi nne, polepole, wakati mimi niko jikoni."

"Jikoni? Umeacha nini jikoni?"

"Piga tu."

Akaingia, akafunga mlango wa mwaloni, akaweka sikio palepale alipoliweka miaka ile. Akangoja. Akasikia bomba la maji. Akasikia friji. Akangoja tena, kisha akafungua mlango kidogo.

"Umeanza?"

"Nimeshamaliza!" alisema Belmiro.

Belmiro akaanza kusema, "Basi chomeka wa..." akaishia njiani kwa aibu, kwa kuwa ukumbi ule haujawahi kuchomekwa waya tangu ujengwe, na yeye ndiye angekuwa wa kwanza kumtoa nje mwenye wazo hilo.

Gitaa lilikuwa linamwimbia yeye mwenyewe sikioni, na nje ya pale halikuwa na habari na mtu. Meno ya Zeferino yamekwenda kununua kioo.

Ijumaa feri ilimwona tena, safari hii amekaa.

"Pesa haturudishi, Dona," alisema Tadeu. "Tunabadilisha tu."

"Nani kataka pesa? Nibadilishie. Lakini kwanza, stoo yako ina mlango?"

Tadeu akadhani hakusikia vizuri. Dakika tano baadaye alikuwa amekaa katikati ya duka akipiga besi moja baada ya nyingine, huku mteja wake amejifungia stoo kati ya maboksi na mifagio, akipiga kelele, "Linalofuata!" Wateja wengine walisimama kutazama kichekesho hicho. La pili, linalofuata. La tatu, linalofuata, hilo limelala. La tano lilikuwa na sauti nzito ila ilikuwa kama mtu anayezungumza chini ya blanketi. Tadeu, mikono imemchoka, akanyoosha mkono juu ya kaunta akashusha kuukuu moja ambalo hakuna aliyeliulizia kwa miaka miwili. Lilikuwa na rangi ya chai isiyokolea, ufa wa ubavuni uliozibwa kwa gundi, na tumbo la kina kama beseni la kufulia. Karatasi ya jina la fundi ilikuwa imelika, limebaki neno moja tu, Braga, jina la mji wa mafundi wa magitaa.

Sauti ya kwanza ilipita kwenye mlango wa stoo na kumfikia Odete kifuani. Ya pili ikamkuta ameshashika ubao kwa mikono yote miwili. Alisikia harufu ya maharage ambayo hayakuwapo.

"Hilo!"

"Hili? Dona, hili lina ufa. Halina hata pa kuchomeka waya."

"Kwani nani kakuuliza habari za waya?"

Lilikuwa la mia tano na themanini. Tofauti akafidiwa kwa nyuzi za akiba na begi lililokwishatumika.

Ungesema sasa atalala. Wapi! Lile tumbo kubwa lilimsukuma kifua, mkono wa kulia ulilifikia kwa shida, na shingo nene ilimchosha kidole gumba. Baya zaidi, alipolipiga yeye mwenyewe hakulisikia vizuri. Sauti yote ilikwenda mbele, kama mtu aliyekupa mgongo. Jumamosi binti wa Abílio alikuja. Odete akalifuta gitaa la mwalimu wake kwa kitambaa, shingo, tumbo, vikaza nyuzi, akalikabidhi. Mlango ulipofungwa alilia. Kisha akaingiwa na hofu: huenda pale stoo hakusikia besi yoyote. Huenda alimsikia Abílio kwa sababu alitaka kumsikia, na sasa amebaki na beseni lenye ufa.

Jumapili hakukuwa na wa kukoroga ila Zeferino. Odete alimfunga aproni.

"Koroga kila baada ya dakika tano. Bila kelele."

"Nimeendesha treni miaka thelathini. Maharage yatanishinda?"

Ukumbi ulijaa. Mkwe wa Belmiro alikaa mstari wa pili amekunja mikono, na chini ya kiti chake kulikuwa na boksi la besi. Ndiyo, alikuja nalo. Mapazia yakashushwa, taa zikapunguzwa, mlango wa jiko ukafungwa. Dona Perpétua, muuza samaki mwenye sauti ya kukwaruza, akajifunga shali na kufumba macho.

Wimbo wa kwanza Odete hakuisikia besi yake. Wa pili hakuisikia. Vidole vilitembea mahali pake, na kilichomrudia ni mtetemo kidogo mbavuni, basi. Alimtazama Belmiro apate ishara, Belmiro hakugeuka. Alimtazama mkwe, mkwe alikuwa anatazama kiti. Wa tatu ulikuwa wimbo wa polepole, ule ambao besi ikipotea mwimbaji anabaki hewani, na Odete akawaza: siisikii, basi hakuna anayeisikia, Zefe alisema kweli siku zote, na nimemnyima meno kwa ajili ya vidole vinavyotembea. Alitaka kuinuka akimbie. Lakini katika fado huinuki.

Harufu ilianza katikati ya ubeti wa pili. Kwanza kidogo, tamu tamu, kama kitunguu kilichozidi. Kisha ikawa kali. Watu walianza kupanua pua bila kugeuza vichwa. Moshi mwembamba ukapita chini ya mlango wa mwaloni, ukajitandaza sakafuni, na watu themanini wenye njaa wakakitazama chakula chao kikiungua, hakuna aliyesogea, kwa sababu Dona Perpétua alikuwa bado anaimba.

Odete aliujua moshi ule. Kifua kilimfunguka ghafla, akavuta uzi wa chini kwa kidole kizima, akaacha kujitafuta. Alipiga mpaka mwisho akiwa na furaha ambayo alishindwa kuificha usoni.

Makofi yalipolipuka alilaza gitaa na kukimbia. Mlango ukafunguliwa kutoka ndani kabla hajaugusa. Zeferino alisimama kwenye moshi, mwiko mkavu mkononi, shavu moja limebaki na alama nyekundu ya ubao.

"Zefe! Maharage!"

"Nimeyaona."

"Ulikuwa wapi?"

"Hapahapa." Aligusa mlango. "Odete, unajua treni ikiwa mbali unavyoijua kwa miguu kabla ya masikio? Ilikuja hivyo." Akacheka, pengo lote nje. "Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia miaka minne."

Nyuma yao Belmiro alifika akikohoa, akapunga moshi, akachungulia sufuria iliyokuwa nyeusi mpaka ukingoni. Watu wakangoja afoke kama siku ile. Mkwe wake naye alishasogea, boksi mkononi. Belmiro alimtazama Zeferino, akaitazama alama shavuni, kisha akamgeukia mkwe.

"Weka hilo boksi chini, mwanangu, uvae aproni," alisema. "Kuanzia Jumapili ijayo, anayekosekana hapa ni mpishi."