Afisa alitaka daftari lote la zahanati, Bi Khadija akampa visima

Wakuu, salaam kwenu. Haya niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni mwalimu, mtu wa bara, mwaka wa nne huu nafundisha Kizingitini, huku visiwani. Kila mwezi nachukua ARV pale zahanati. Anayejua ni nesi tu, Bi Khadija, mzaliwa wa Wiyoni, mwenye lahaja ya visiwa hivi. Shuleni hakuna anayejua, na nataka ibaki hivyo.

Sasa kipindupindu kikaingia.

Afisa wa afya akaja na boti asubuhi, mimi niko kwenye foleni. Alikuwa na haraka, na kusema kweli alikuwa na haki, maana kulikuwa na wazee wawili hoi ndani.

"Mama, nipe register. Napiga picha kila page, natuma kwa group ya kamati ya usalama, chifu awatafute hao watu."

Zahanati yetu ina daftari moja la kila kitu: presha, mimba, dawa zangu. Na headmaster wangu yuko kwenye hiyo group!

Bi Khadija hakupandisha sauti. "Bwana, wataka maina ya watu, au wataka kuyua maradhi yatoka wapi?"

"Yanatoka wapi, of course."

"Basi ngoja."

Hapo ndipo nilimvulia kofia. Huku kila mtaa una kisima chake, na mgonjwa yeyote wa kuhara, Bi Khadija humwuliza anateka maji wapi, kisha anaandika pembeni ya jina.

Akachukua karatasi safi, akaorodhesha visima na idadi ya wagonjwa wa kila kimoja. Jina hakuna. Kisima kimoja kilikuwa na karibu wote.

Afisa akasoma. "Hii ni better kuliko nilichoomba." Naye nampa heshima yake, mwingine angeng'ang'ania. Kabla ya adhuhuri kisima kilikuwa kimefungwa.

Alasiri nikasikia hodi. Bi Khadija, amekuja kwa miguu.

"Mwalimu, kile kisima ndicho utekacho wewe. Mwaga mai yote ya ndani, na ukihara tu, uye zahanati."

Nikamwuliza alijuaje.

"Si ulihara mwaka jana? Nilikuuliza, nikaandika."

Nikachukua ndoo, nikamwaga maji yote nje.

Siku hizi mtu wa ofisi akiniomba taarifa za wanafunzi, namwuliza kwanza anataka kujua nini.

Nyie je, daftari la zahanati yenu liko mikononi mwa nani?