Paa Moja, Milango Sita

Shemeji yangu, mume wa dada, mtaani wanamwita Nukta, maana kazi yake ni kuweka nukta. Shirika lao la kujitolea halina hata gari, lakini lina ramani kwenye kompyuta, na kila nyumba ina nukta yake. Anatazama picha iliyopigwa kutoka angani, anaona paa, anabonyeza. Kisha anapita kwa miguu na simu mkononi kuhakikisha alichokiona ndicho kilichopo. Mtaa mmoja tu hakuukagua: wa kwao. Dada alipomuuliza, alicheka. Eti amezaliwa pale, akakague nini? Haya bwana, mjuzi kashasema.

Kipindupindu kilipoingia, wahudumu walifuata ramani. Nukta moja, mlango mmoja, pakiti moja ya vidonge vya kusafishia maji, na maelezo ya nini cha kufanya mtu akianza kuharisha. Nyumba ikifikiwa, nukta inageuka kijani. Siku ya tatu mtaa wa kwao ulikuwa kijani mtupu, na shemeji alikuja kula mchana anapiga mluzi.

Kumbe nyumba ya mama yake aliyoijua yeye ni ile ya utotoni. Tangu baba yao afariki, bi mkubwa ameikata vyumba na kupangisha. Paa ni lile lile refu, lakini nyuma kuna milango mitano inayotazama uchochoro. Nukta akienda kumsalimu mama anaishia sebuleni, basi. Mimi nilijua, kwa sababu chumba cha mwisho alikaa fundi cherehani wangu, mama mcheshi, anayekwambia umenenepa huku kamba ya vipimo iko kiunoni kwako. Lakini mimi nani kaniuliza?

Mchana ule, hata sahani hazijaondolewa, mama yake Nukta akapiga simu. Fundi anatapika na kuharisha tangu usiku, mumewe yuko kazini, na maji anayokunywa ni ya ndoo, hayajatiwa dawa. Nukta akamwambia ampe vidonge. Mama akajibu kwamba vyake alishavitia kwenye pipa lake. Alidhani kila mlango umepewa.

Tulikimbia. Tulimkuta macho yameingia ndani, hata jina langu hakuweza kulitamka. Tukampakia kwenye mkokoteni wa muuza maji hadi zahanati, wakamtundikia dripu. Alifariki jua halijazama. Nililia kama mtoto, na siku ile nilimchukia shemeji yangu, sitaficha.

Baada ya mazishi, mume wa marehemu alikuja ofisini. Mimi nilikuwepo, nimempelekea Nukta chakula ambacho hakukigusa. Yule bwana aliomba aonyeshwe ramani.

"Sisi tulikuwa wapi hapa?"

Nukta akaweka kidole kwenye nukta moja ya kijani. "Humu. Ndani ya nukta ya mama."

Bora yule bwana angetukana. Alivuta kiti, akakaa, akamwambia aweke yao. Nukta akaweka milango yote mitano ya nyuma, mmoja mmoja. Kwenye wa mwisho kompyuta ikauliza idadi ya wakazi. Shemeji akamgeukia.

"Andika wawili," yule bwana akasema.

Nukta akaandika wawili. Wakubwa wake wamemwambia arekebishe, aandike mmoja, na mpaka leo hajarekebisha.